Mcheza Kwao Hutuzwa: Kazi ya Katherine Dunham

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii husikika harusini na ngomani, mtu anapomtuza jamaa yake aliyeingia uwanjani, na maana yake ni nyepesi. Anayecheza mbele ya watu wake hapati hasara, kwa kuwa wanaomtazama wanamjua yeye, wanaijua ngoma yake, na wanajua ugumu wa kila hatua anayoikanyaga. Lakini methali haisemi lolote juu ya mtu ambaye kwao humpigia makofi usiku na asubuhi humfungia mlango. Mtu wa namna hiyo alikuwa Katherine Dunham, mtunzi wa ngoma na kiongozi wa kundi la wachezaji, aliyezaliwa Marekani mwaka 1909 na kufariki mwaka 2006. Alicheza katika miji mikubwa ya dunia, akaandika vitabu, akafungua shule. Na katika yote hayo maisha yake yalizunguka swali moja, yaani kwao mchezaji ni wapi, na nani mwenye wajibu wa kumtuza.

Alizaliwa tarehe 22 Juni katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi. Mama yake, aliyekuwa na asili ya Wafaransa wa Kanada na ya wenyeji wa kwanza wa Amerika, alikufa Katherine angali mtoto mdogo. Baba alihamia mji wa Joliet akafungua duka la kusafisha nguo, na huko msichana alikulia katika nyumba ya kazi nyingi na maneno machache. Kaka yake, Albert, alikwenda kusoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago, na Katherine akamfuata. Mji ule mkubwa ulimpa mambo mawili ambayo watu wa wakati wake waliona hayawezi kukaa chungu kimoja: elimu ya chuo na ngoma ya jukwaani.

Hali ya ngoma katika Marekani ya miaka ile inafaa kuelezwa. Baleti ilikuwa mali ya Ulaya na ya wenye nafasi. Watunzi wapya kama Martha Graham na Doris Humphrey walikuwa wakijenga mtindo mpya, ambao ulihesabiwa kuwa sanaa ya fikira na mafunzo. Lakini Mmarekani mweusi aliyecheza alidhaniwa kuwa anacheza kwa silika tu, kama ndege anavyoruka. Sifa hiyo ilikuwa na tusi ndani yake, maana kitu kisichofundishwa hakina mwalimu, na kisicho na mwalimu hakina historia. Dunham alijifunza baleti kwa walimu wa Chicago, miongoni mwao Mrusi Ludmilla Speranzeva, naye akafundisha wasichana weusi katika vyumba vidogo vya kukodi. Wakati huohuo, katika mihadhara ya Robert Redfield chuoni, alisikia kwamba baadhi ya michezo ya Wamarekani weusi ilikuwa na mizizi iliyovuka bahari kutoka Afrika. Tangu hapo akajua kazi yake. Ikiwa ngoma ile ina mizizi, basi mizizi hiyo yaweza kutafutwa, kuandikwa na kufundishwa.

Mwaka 1935 mfuko wa Rosenwald ulimpa fedha za kufanya utafiti katika visiwa vya Karibi. Husimuliwa kwamba alipoitwa mbele ya kamati aeleze anataka kuchunguza nini, aliona maneno hayatoshi. Akavua koti lake la heshima, akawachezea papo hapo, kwanza namna ngoma inavyofundishwa katika shule za Marekani, kisha namna alivyoamini kwamba huchezwa na watu weusi wa nchi nyingine. Kamati ikaridhika. Melville Herskovits wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyekuwa bingwa wa mambo ya Afrika na ya watu weusi wa Amerika, akamwandaa kwa safari.

Alikwenda Jamaica, Martinique, Trinidad na Haiti. Katika Jamaica aliishi Accompong, kijiji cha milimani cha Wamaruni, wazao wa watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza mpaka wakapewa mkataba. Huko alijifunza adabu ya kwanza ya mtafiti, nayo ni kungoja. Alitaka kuiona ngoma ya vita ya mababu, ile iitwayo Koromanti, na kwa siku nyingi wazee walimjibu kwa upole na kumwonyesha michezo mingine. Aliijua ngoma ile mwishoni tu, siku zake za kukaa zilipokuwa zikiisha. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu *Journey to Accompong*, kilichotoka mwaka 1946, na msomaji anayekifungua huona mtu anayejicheka mwenyewe kwa haraka yake, huku akiwaheshimu waliomchelewesha.

Haiti ilimshika zaidi. Huko hakubaki mtazamaji, bali aliingizwa katika ibada za vodu, akapitishwa katika taratibu zake, na akarudi nchi ile mara kwa mara maisha yake yote. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kuelewa alichokikuta. Katika lugha nyingi za Ulaya chombo kipigwacho kina jina lake, mwendo wa mwili una jina lake, na mkutano wa watu una jina lake. Katika Kiswahili vyote vitatu huitwa ngoma. Katika watumwa waliopelekwa Haiti wengi walitoka nchi za Kongo, na katika Kikongo neno la chombo ni hilohilo, ngoma. Basi Dunham alipotambua kwamba huwezi kuutenga mchezo na chombo, wala chombo na watu, wala watu na miungu yao, alikuwa akifumbua kwa utafiti wa miezi mingi jambo ambalo lugha za Kibantu zimelihifadhi katika neno moja.

Aliporudi Chicago alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1936, na mlango wa elimu ya juu ulikuwa wazi. Aliandika juu ya ngoma za Haiti, lakini hakumaliza shahada iliyofuata. Alichagua jukwaa. Uchaguzi huo wengine waliuita hasara ya elimu, na wengine wakauita faida ya sanaa. Ukiichunguza kazi yake utaona kwamba hakukiacha kimoja akashika kingine. Utafiti aliuhamisha kutoka karatasini akautia katika miili ya wachezaji.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa *L'Ag'Ya*, mchezo ulioonyeshwa Chicago mwezi Januari, 1938, chini ya mpango wa serikali wa kuwapa kazi watu wa tamthilia wakati wa dhiki ya uchumi. Hadithi yake ni ya kijiji cha wavuvi huko Martinique. Msichana Loulouse anapendwa na wanaume wawili. Aliyekataliwa, Julot, anakwenda kutafuta dawa ya mapenzi kwa mfalme wa mizuka, na mwisho wawili wale wanapambana kwa ag'ya, mchezo wa kupigana wa kisiwa hicho, ambao Dunham alikuwa ameuona kwa macho na kuupiga picha za sinema. Alcide, mpenzi wa msichana, anauawa. Hadithi ni nyepesi kama ngano, lakini hatua zake si za kubuni ovyo. Waliokuwa wakisema kwamba mtu mweusi hucheza bila kufundishwa walilazimika kutazama vijana wa Chicago wakicheza ngoma ya Martinique, nchi ambayo hawajapata kuiona, kwa sababu mwalimu wao alikwenda akaisoma.

Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mtindo wa kufundisha ambao mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mwanafunzi huanza penye ufito wa mazoezi kama katika baleti, kisha hufanya mazoezi sakafuni, kisha huvuka chumba kutoka upande mmoja mpaka wa pili akifuata ngoma zinazopigwa palepale. Hufundishwa kutenga viungo, bega liende peke yake, mbavu peke yake, nyonga peke yake, kila kiungo kikishika mdundo wake, huku magoti yamelegea na uti wa mgongo ukiwa mwepesi kama unyasi majini. Mtu asiyezoea hudhani ni jambo rahisi mpaka ajaribu mwenyewe. Mbinu hii ilikuwa jibu kwa wale wa silika, kwani ilionyesha kwamba ngoma ya watu weusi ina sarufi, na sarufi hujifunzwa.

Mwaka 1940 kundi lake lilikwenda New York na *Tropics and Le Jazz Hot*. Onyesho lilikusudiwa kuwa la Jumapili moja. Likaendelea kwa wiki kadhaa. Mwaka huohuo alicheza katika *Cabin in the Sky*, akishirikiana na George Balanchine katika utunzi wa ngoma zake. Mwaka 1943 alionekana katika filamu *Stormy Weather*, na tangu mwaka huo *Tropical Revue* ilizunguka miji ya Marekani na Kanada. Mavazi na mapambo yalikuwa kazi ya mumewe, John Pratt, mchoraji mweupe ambaye ndoa yake na mwanamke mweusi isingekubaliwa kisheria katika majimbo mengi ya nchi ileile waliyoitembelea.

Sifa zilipokuja zilikuja na lawama pande mbili. Baadhi ya wataalamu waliona kwamba mwenzao ameuza elimu kwa taa za jukwaani. Baadhi ya wahakiki, kwa upande wao, waliona mchezaji mwenye mvuto anayejisumbua bure na mambo ya vyuo. Mjini Boston, mwaka 1944, *Rites de Passage*, mchezo wa kuonyesha namna kijana anavyopitishwa kutoka utoto kuingia utu uzima, ulizuiwa kwa kuonekana unavunja adabu. Jambo lililofanywa na wazee wa kijiji kwa heshima, wakubwa wa Boston waliliona aibu. Na yafaa kujiuliza ni nani kati yao aliyekuwa akiyatazama mambo kwa macho machafu.

Hata hivyo lipo shtaka moja lenye uzito kuliko hayo, nalo halifai kupitwa. Je, ni haki kuichukua ngoma ya ibada, iliyopo kwa ajili ya miungu na wagonjwa na wafu, na kuiweka mbele ya watu waliokata tikiti? Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hulijua shtaka hili bila kuelezwa. Ngoma ya pepo ina mganga wake, mwele wake na saa yake, na kuipiga ovyo kwa kupendeza wageni ni jambo la kuogopwa. Dunham hakudai kwamba aliyoonyesha jukwaani ni ibada yenyewe. Alipunguza, akapanga upya, akaunganisha hatua za visiwa mbalimbali kwa mahitaji ya tamthilia. Lakini tofauti ya kukopa na kuiba hujulikana kwa alipaye deni. Aliyewakopa watu ngoma zao aliwataja, aliandika habari zao, aliwarudia, na, kama itakavyoonekana, uzeeni alitia rehani mwili wake kwa ajili yao. Jibu hili halifuti shtaka lote. Linatosha kuonyesha kwamba alilisikia.

Deni hilo alianza kulilipa hadharani mwezi Oktoba, 1944, mjini Louisville, Kentucky. Onyesho lilikuwa limekwisha na watu wakishangilia. Ukumbini weupe walikaa mahali pao na weusi wakatengwa mahali pao. Dunham akajitokeza, akawaambia watazamaji kwamba amefurahi kuwachezea, lakini hatarudi tena katika ukumbi ule mpaka siku watu wa namna yake watakaporuhusiwa kukaa pamoja na watu wa namna yao. Wakati huo maneno ya jinsi hiyo yalimgharimu msanii mkataba, na yaweza kumgharimu zaidi. Mwaka 1950 huko São Paulo, Brazili, alinyimwa chumba katika hoteli moja ya fahari kwa ajili ya rangi yake. Hakunyamaza. Makelele yaliyotokea yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoleta sheria ya Afonso Arinos ya Julai, 1951, ya kwanza nchini Brazili kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa kosa la kuadhibiwa.

Kisha ikaja *Southland*. Mchezo huu ulionyeshwa mara ya kwanza Santiago, mji mkuu wa Chile, mwezi Januari, 1951. Unasimulia habari za msichana mweupe wa kusini mwa Marekani aliyepigwa na mpenzi wake mweupe. Kijana mweusi anamkuta chini na kutaka kumsaidia. Naye, kwa hofu na aibu, anamsingizia kijana huyo. Umati unamkamata, unamtundika mtini bila hakimu wala hukumu. Katika sehemu ya pili maiti inapitishwa katika baa ya watu weusi, na kila aliyekaa pale anachagua namna yake ya kuubeba msiba: mmoja analia, mwingine anaendelea kucheza kamari, mwingine anatoa kisu. Hapo hapakuwa na visiwa vya mbali wala mavazi ya kupendeza. Mtafiti wa mila za wengine alikuwa ameyageuza macho kwake, akaandika juu ya desturi moja ya nchi yake mwenyewe.

Ubalozi wa Marekani haukupendezwa. Ilikuwa miaka ya ushindani mkali kati ya Marekani na Urusi, na serikali haikutaka aibu zake zionyeshwe ng'ambo na raia wake. Karibu magazeti yote ya Santiago yakanyamaza juu ya mchezo ule, na kundi likaondoka upesi. Mtu mwenye kupima faida angeliuweka *Southland* sandukuni. Dunham aliuonyesha tena Paris, mwezi Januari, 1953, akijua vizuri kitakachofuata. Katika miaka yote ya uhai wa kundi lake mchezo huo haukuonyeshwa Marekani.

Mwaka 1954 serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha za kuwapeleka wachezaji wake ng'ambo wakaitangaze nchi. José Limón alitumwa Amerika ya Kusini. Baada yake Martha Graham alitumwa Asia. Dunham, ambaye alikuwa amekwisha kuzunguka Ulaya na Amerika ya Kusini kwa miaka mingi na kujaza kumbi za London na Paris tangu 1948, hakupewa msaada huo. *Southland* haikuwa sababu ya pekee ya mashaka yake, maana kundi kubwa lenye wapiga ngoma wake na mavazi yake ni mzigo wa gharama popote duniani. Lakini wengine walisaidiwa kuubeba mzigo wao, na yeye aliubeba peke yake, kwa mapato ya milangoni na kwa kazi za filamu na za vilabu vya usiku. Mwaka 1960, mjini Vienna, safari ndefu za kundi zikafika mwisho. Hiyo ndiyo tuzo aliyopewa na kwao.

Lakini kundi la wachezaji si ngoma yenyewe. Miaka mingi kabla, mwaka 1944, Dunham alikuwa amefungua shule mjini New York. Humo wanafunzi hawakufundishwa hatua peke yake. Walisoma pia lugha, tamthilia, na elimu ya mila za watu, kwa kuwa mwalimu wao hakuamini kwamba mtu aweza kuicheza ngoma ya watu asiowajua. Weusi na weupe walisoma chumba kimoja. Eartha Kitt alitoka mikononi mwake. Marlon Brando alipita hapo. Shule ilifungwa katika miaka ya 1950 kwa upungufu wa fedha, ila wanafunzi hawakufungwa nayo. Wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine.

Baada ya kutunga ngoma za *Aida* katika Metropolitan Opera mwaka 1963, aliitwa Senegali. Rais Léopold Sédar Senghor alikuwa akiandaa Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, lililofanyika Dakar mwezi Aprili, 1966, na Dunham alifanya kazi huko akiwa mshauri, akisaidia pia mafunzo ya wachezaji wa taifa. Mwanamke aliyeanza kwa kutafuta Afrika katika vijiji vya Karibi aliitwa na Waafrika wenyewe awasaidie kupanga ngoma zao kwa macho ya dunia.

Angeweza kukaa Dakar, au Haiti alikokuwa na shamba lake. Badala yake, mwaka 1967, alikwenda East St. Louis, Illinois, mji wa watu weusi maskini, wenye viwanda vilivyokufa na vijana wenye hasira. Kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianzisha kituo cha mafunzo ya sanaa. Aliwaendea vijana wa magenge, waliomtazama kwa shaka, naye akawapa ngoma waipige. Polisi walipowakamata baadhi yao, aliwafuata kituoni kuuliza habari zao, akatiwa ndani mwenyewe. Bibi aliyewahi kuchezea wafalme aliishi katika mji huo kwa miaka mingi, akifundisha watoto ambao wazazi wao hawakupata kusikia jina la jumba lolote la tamthilia.

Tuzo za serikali zilikuja baadaye, mchezaji akiwa mzee. Mwaka 1983 alipewa heshima ya Kennedy Center, na mwaka 1989 Nishani ya Taifa ya Sanaa. Aliyezipokea hakuwa amenunuliwa nazo. Mwezi Februari, 1992, serikali ileile ilipokuwa ikiwarudisha kwao Wahaiti waliokimbia kwa mashua baada ya rais wao, Jean-Bertrand Aristide, kupinduliwa, Dunham alikataa chakula. Alikuwa na umri wa miaka 82. Akakaa siku 47 nyumbani kwake East St. Louis bila kula, mpaka Aristide mwenyewe alipokuja kumsihi aache. Miaka 57 ilikuwa imepita tangu Wahaiti walipomfungulia milango yao na kumwonyesha ngoma zao. Deni la namna hiyo watu wengi hulisahau pindi kitabu kinapochapishwa.

Alikufa New York tarehe 21 Mei, 2006, karibu na kutimiza miaka 97. Katika miaka ya 1940 kijana mmoja wa Los Angeles, Alvin Ailey, alikuwa amekwenda kulitazama kundi la Dunham, na kwa mara ya kwanza akaona watu weusi jukwaani wakicheza kama mabingwa wa sanaa yao. Mwaka 1958 kijana huyo alianzisha kundi lake mwenyewe, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa yanayojulikana zaidi duniani. Na mwaka 1987 akazikusanya ngoma za Dunham akazirudisha jukwaani, Dunham mwenyewe akiwapo kuwafundisha wachezaji hatua zake.

Basi methali ya wahenga haikusema uongo, ila yataka kusomwa kwa subira. Kwao mchezaji si lazima kuwe nchi iliyompa pasi ya kusafiria. Kwa Dunham kwao kulikuwa kijiji cha Accompong kilichomngojesha, ua wa Haiti uliompokea, chumba cha mazoezi penye ngoma tatu, na barabara za East St. Louis. Huko alituzwa, kwa tuzo ile ambayo mcheza ngoma huithamini kuliko zote, nayo ni kuona mtu mwingine ameingia uwanjani akaishika hatua pale yeye alipoiachia.